Mwili unamtambuaje adui ambaye haujawahi kumwona?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Najua kwamba mtu akishaugua surua haiugui tena, kwa sababu mwili unaikumbuka. Ninachoshindwa kuelewa ni ile mara ya kwanza. Mwili unajuaje kwamba hiki kilichoingia ni adui, ilhali haujawahi kukiona? Tena nimesoma kwamba kinga hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni tulizorithi. Sasa virusi vilivyozuka juzi tu, ambavyo babu zetu hawakuvijua, jeni za babu zetu zitavitambuaje? Na mama yangu ana miaka 78. Je, mwili wake bado unaweza kumzoea adui mpya?"

Marahaba. Nitakaa zaidi kwenye swali lako la katikati, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote, na ni swali lililowaumiza vichwa watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Jibu lake kwa ufupi ni hili: mwili haungoji adui afike ndipo uanze kubuni kitu cha kumfaa. Unatengeneza mamilioni kwa mamilioni ya seli za kinga, kila moja ikiwa na kipokezi chenye umbo lake, na maumbo hayo hupatikana kwa kubahatisha, kabla ya ugonjwa wowote. Seli zinazong'ang'ania viungo vya mwili wenyewe huondolewa. Zinazobaki husubiri, nyingine maisha yote. Kijidudu kinapoingia, kazi inakuwa kuitafuta ile seli ambayo kipokezi chake kimetokea kulingana nacho, na kuizidisha haraka.

Hata hivyo, kabla seli hizo hazijaamka, kuna kinga nyingine ya kale zaidi inayofanya kazi tangu dakika ya kwanza. Hiyo kweli hutegemea ujuzi wa mababu, na inajibu nusu ya swali lako.

Ngozi, ute wa puani, machozi na tindikali ya tumboni huzuia sehemu kubwa ya vijidudu bila kutambua chochote, kwa hiyo naviacha. Kijidudu kikipenya hapo, hukutana na seli zinazoishi ndani ya nyama zenyewe, hasa makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na wageni. Seli hizi zina vipokezi visivyobadilika, vilivyoandikwa kwenye jeni kama rangi ya macho ilivyoandikwa. Vipokezi hivi havijui surua wala kipindupindu. Hutafuta vitu ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi kabisa. Bakteria wengi, kwa mfano, wana gamba la nje lililojaa mchanganyiko wa mafuta na sukari uitwao lipopolisakaridi. Sisi hatuna kitu hicho popote mwilini. Kipokezi kikikigusa, hakuna haja ya kuuliza jina la aliyekileta. Na bakteria hawezi kukivua ili ajifiche, kwa maana bila hicho gamba lake halishiki. Ndivyo ilivyo pia kwa flajelini, protini ya ule mkia ambao bakteria hutumia kuogelea: akiuacha hasogei, akiubeba anaonekana. Mageuzi ya viumbe yamechagua alama ambazo adui hawezi kuishi bila kuzibeba.

Virusi ni wagumu zaidi, kwa sababu hutengenezwa na seli zetu wenyewe kwa malighafi zetu wenyewe. Hapo mwili hutazama kitu kilipo na jinsi kilivyo. DNA yetu, yaani yale maandishi ya jeni, inakaa ndani ya kiini cha seli (ukiacha ile kidogo iliyofungiwa ndani ya mitokondria). DNA ikionekana inaelea nje, kwenye majimaji ya seli, kuna jambo. RNA (nduguye DNA) iliyo ndefu na yenye nyuzi mbili si kitu cha kawaida katika seli yenye afya, lakini virusi vingi huitengeneza vinapojizalisha. Seli ikiigundua hupiga kelele kwa kutoa intaferoni, kemikali inayozionya seli jirani zifunge milango ya uzalishaji kabla virusi havijazifikia. Intaferoni iligunduliwa mwaka 1957 jijini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ule uchovu, maumivu ya misuli na kukosa hamu ya kula unaoupata siku ya kwanza ya mafua makali hutokana kwa kiasi kikubwa na kelele hizi za mwili wako mwenyewe, wala si virusi vinavyokutafuna. Homa ni hivyohivyo: ubongo umepokea ujumbe kutoka kwa seli za kinga na umepandisha joto kwa makusudi.

Inashangaza kwamba vipokezi hivi vilichelewa sana kujulikana. Mwaka 1989 Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale alitabiri kwamba lazima viwepo, wakati ambapo wengi katika fani yetu hawakuona haja navyo. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba inzi wa matunda wenye kasoro katika jeni iitwayo Toll hufa kwa kuvamiwa na kuvu. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler, akitumia panya huko Marekani, akathibitisha kwamba ndugu wa kipokezi cha Toll ndiye anayehisi lipopolisakaridi. Binadamu tuna vipokezi 10 vya familia hiyo. Kumi tu, na kundi kubwa la viumbe vinavyotuvamia linanaswa.

Kengele hiyo ikilia, mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvujisha maji, ndipo unapoona wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Nyutrofili, seli nyeupe zinazomeza vijidudu, humiminika kutoka kwenye damu. Uboho wako hutengeneza takriban bilioni 100 za seli hizi kila siku, na usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni maiti zake. Wa kwanza kuelewa kwamba seli zinaweza kumkimbilia mgeni na kummeza alikuwa Ilya Mechnikov, mwaka 1882, mjini Messina, Italia: alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza vinavyopitisha mwanga, na kesho yake akakuta seli zimeizingira miiba hiyo.

Basi, kwa sehemu, mwili hujua kwamba hiki ni kigeni kwa kuwa kimebeba alama ambazo sisi hatuna. Lakini kinga hii haitofautishi surua na mafua, na haiweki kumbukumbu ya surua itakayodumu miaka 60. Hapo ndipo lile swali lako la jeni linapouma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, alifanya majaribio ambayo mpaka leo nayaona kuwa miongoni mwa mazuri kabisa katika sayansi ya tiba. Alichukua kemikali ndogo zilizobuniwa maabara, akazigandisha kwenye protini, akawachoma wanyama. Wanyama wakatengeneza kingamwili, yaani protini za kumshika mgeni, zilizozishika kemikali hizo barabara, kiasi cha kuweza kutofautisha molekuli mbili zenye atomi zilezile ambazo zimehitilafiana tu katika mahali kipande kidogo kilipopachikwa. Sasa fikiri. Kemikali hiyo haikuwahi kuwepo duniani kabla ya mkemia kuitengeneza. Hakuna mnyama yeyote, tangu uhai uanze, aliyewahi kukutana nayo. Jeni gani ingeijua?

Wengi walihitimisha kwamba basi kingamwili lazima ipate umbo lake baada ya mgeni kufika. Linus Pauling, mkemia mkubwa wa wakati wake, mwaka 1940 alipendekeza kwamba protini ya kingamwili hujikunja kumzunguka mgeni na kubaki na umbo hilo. Katika wazo la Pauling, mwili ni fundi cherehani anayempima mteja ndipo akate kitambaa. Ni wazo linaloingia akilini kirahisi, na si kweli. Mwili ni fundi aliyeshona nguo za kila kipimo usiku kucha, moja moja, bila kujua nani atakuja. Mteja akiingia huchaguliwa ile inayomkaa, na cherehani zote huanza kushona hiyohiyo.

Aliyeliweka wazo hili la pili wazi ni Macfarlane Burnet wa Melbourne, mwaka 1957, akijenga juu ya hoja ya Niels Jerne ya mwaka 1955. David Talmage wa Marekani alifikia wazo linalofanana mwaka uleule. Burnet alisema: kila seli ina kipokezi cha aina moja tu, mgeni anapokigusa, seli hiyo hugawanyika na kuzaa ukoo mzima wa seli zinazofanana nayo. Mwaka uliofuata Gustav Nossal na Joshua Lederberg walitenga seli mojamoja na kukuta kwamba kweli, kila moja hutoa kingamwili ya aina moja tu.

Lakini fumbo lilikuwa limehamishwa tu. Binadamu ana jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini, kwa kazi zote za mwili, kuanzia nywele hadi moyo. Maumbo mamilioni ya vipokezi yataandikwa wapi?

Jibu lilikuja mwaka 1976 kutoka Basel, Uswisi, kwa Susumu Tonegawa na mwenzake Nobumichi Hozumi. Walilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli inayotoa kingamwili. Vipande vya jeni ya kingamwili vilivyokuwa mbalimbali katika kiinitete vilikuwa karibukaribu katika seli ile. Maana yake seli ilikuwa imekata DNA yake yenyewe, ikatupa sehemu ya katikati, ikaunga ncha zilizobaki. Hadi wakati huo tulifundishwa kwamba seli zote za mwili hubeba maandishi yaleyale. Seli za kinga zinayakata na kuyaunga upya. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Twende kwenye hesabu yenyewe, maana ndiyo jibu lako. Kingamwili ina mnyororo mzito na mnyororo mwepesi. Jeni ya ule mzito haijakamilika unapozaliwa. Ipo katika mafungu matatu: fungu la kwanza lina vipande takriban 40 vinavyofaa, la pili 23, la tatu 6. Kila seli B, yaani seli ya kinga inayotoa kingamwili, inapokomaa kwenye uboho huchukua kipande kimoja kutoka kila fungu, bila mpango, na kuviunga. Hapo tayari kuna michanganyiko zaidi ya 5,000. Mnyororo mwepesi nao una michanganyiko kama 300. Ukizidisha, unapita milioni moja na nusu, yote hayo kutoka kwenye vipande vya DNA visivyofika 200. Kisha linakuja jambo ambalo nadhani ndilo la ajabu kuliko yote: mahali pa kuunga, kimeng'enya maalumu huongeza herufi za DNA ovyoovyo, na vingine hunyofoa baadhi. Herufi hizo hazikutoka kwa baba wala kwa mama. Zimebuniwa hapo hapo, ndani ya seli moja, na sehemu hiyo ya maungio ndiyo inayokaa katikati kabisa ya mfuko wa kushikia mgeni. Idadi ya maumbo yanayowezekana inapita idadi ya seli zote ulizo nazo, na pacha wa kufanana hawana vipokezi vinavyofanana. Seli T, zile seli za kinga zinazokagua seli nyingine za mwili, hufanya vivyo hivyo kwa jeni zake.

Kwa hiyo hukurithi orodha ya maadui. Ulichorithi ni vipande pamoja na mkasi wake. Mkasi huo hutengenezwa na jeni mbili, RAG1 na RAG2, na tunazo kwa pamoja na papa, maana wanyama wote wenye taya tumezirithi kwa babu mmoja. Mtoto anayezaliwa jeni hizo zikiwa zimeharibika kabisa hana seli B wala seli T, na asipopandikizwa uboho kwa kawaida hafiki mbali. Hilo ndilo linalonionyesha uzito wa kubahatisha huku: makrofaji na nyutrofili anazo, vipokezi vya Toll anavyo, na bado havitoshi.

Umetaja virusi vilivyozuka juzi. Ugonjwa wa COVID-19 ulipoanza, watafiti walichukua damu iliyohifadhiwa kabla ya mwaka 2019, ya watu ambao hawangeweza kuwa wamekutana na virusi hivyo, na katika baadhi yao walikuta seli T zinazovitambua baadhi ya vipande vyake. Kwa sehemu hii ilitokana na virusi binamu vya mafua ya kawaida. Lakini hata waliokuwa hawana seli zilizozoeshwa hivyo, walio wengi walitengeneza kingamwili ndani ya wiki mbili au tatu. Seli za kuanzia walikuwa nazo.

Ukibahatisha maumbo namna hii, bila shaka mengine yatalingana na insulini yako, au neva zako, au moyo wako. Ndiyo gharama ya mfumo huu, na mwili huilipa kwa kuua. Seli B zinazoshika vitu vya mwili hubadilishwa kipokezi au hufa zikiwa bado kwenye uboho. Seli T hupelekwa kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo hadi mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha kazi yake, ilidhaniwa kuwa haina faida. Humo seli T changa hupimwa mara mbili. Zisizoweza kusoma kabisa vibao vya utambulisho vya mwili hufa. Zinazovishika kwa nguvu mno hufa pia. Wanaotoka salama hawafiki 5 katika kila 100. Na kwa kuwa insulini hutengenezwa kwenye kongosho, mbali na hapo, kuna protini iitwayo AIRE inayozifanya seli za thaimasi zitengeneze kidogo kidogo protini za viungo vingine vya mwili, ili seli T zipimwe kwazo. Uchujaji huu una mianya. Kwa hiyo kuna seli T nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza zenzake, na waliozifumbua, Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Yote haya yakishindwa, unapata kisukari cha aina ya kwanza, au kinga inayokula viungio. Wakati mwingine kijidudu chenyewe huwa kinafanana na sisi: bakteria fulani wa koo wana protini zinazokaribiana na za moyo, na mtoto ambaye koo lake halikutibiwa anaweza baadaye kuharibiwa vali za moyo na kinga yake mwenyewe. Ndiyo maana sisi madaktari tunasisitiza dozi ya antibiotiki ya koo la namna hiyo imalizwe hata kama maumivu yamekwisha.

Sasa vile vibao vya utambulisho nilivyovitaja. Kingamwili hushika kilicho nje ya seli, lakini virusi vikishaingia ndani kingamwili haivioni. Mwili umelitatua hili kwa utaratibu ambao kila seli yenye kiini hushiriki: hukatakata sampuli ya protini inazotengeneza na kuvitundika vipande hivyo kwenye uso wake, juu ya protini ziitwazo HLA. Seli T hupita zikikagua. Kipande kikiwa cha kawaida zinaendelea na safari. Kikiwa cha virusi, seli hiyo huuawa pamoja na virusi vilivyomo. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waligundua mwaka 1974, huko Canberra, kwamba seli T husoma vitu viwili kwa pamoja, kipande cha virusi na HLA ya mwenyewe. HLA hizo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, jambo linalosumbua katika kupandikiza figo, lakini linalinda jamii: virusi vinavyojificha kwenye HLA za jirani yako vinaweza kuonekana wazi kwenye zako. Kuna virusi vinavyozuia vibao hivyo visitundikwe kabisa. Kwa ajili hiyo tuna seli nyingine, ziitwazo seli za kuua za asili, zinazoishambulia seli yoyote iliyopungukiwa na vibao.

Bado kuna swali moja ambalo hukuliuliza lakini limo ndani ya lako. Chakula ni kigeni. Chavua ni kigeni. Kwa nini mwili hauvipigi vita, kwa kawaida? Kwa sababu kulingana na kipokezi hakutoshi. Seli T iliyokutana na kipande chake huhitaji ishara ya pili, na ishara hiyo hutolewa na seli za dendriti, alizozieleza Ralph Steinman mwaka 1973. Hizi huzurura kwenye ngozi na kwenye utando wa njia za hewa na utumbo zikionja kila kitu. Vipokezi vyake vya Toll vikiguswa, hukimbilia kwenye tezi za limfu na kutundika zilichookota pamoja na ishara ya hatari. Vikiwa havijaguswa, hutundika bila ishara, na seli T inayolingana hunyamazishwa. Kwa hiyo kinga ya kale ndiyo inayoiruhusu kinga ya kubahatisha ifanye kazi. Hii pia ndiyo sababu baadhi ya chanjo huwekwa chumvi za alumini: kipande safi cha kijidudu, peke yake, mara nyingi hakiamshi chochote.

Sasa utaelewa pia kwa nini kupona huchukua siku. Seli T zinazolingana na kipande fulani cha virusi vipya ni kama moja katika kila 100,000, au hata moja katika milioni. Bakteria anaweza kugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Ili kuongeza uwezekano wa kukutana, mwili una takriban tezi za limfu 600, na seli huzizungukia kutoka moja hadi nyingine siku zote. Ile mitoki unayoipapasa kwenye kinena ukiwa na kidonda mguuni ni mahali ambapo seli chache zilizolingana zinagawanyika kwa kasi. Kwa kawaida hupita siku nne au tano kabla hazijawa nyingi za kutosha, na kingamwili huonekana kwenye damu karibu wiki moja baada ya kuambukizwa. Katika muda huo wote kinga ya kale ndiyo inayoshikilia ngome.

Na ndani ya tezi hizo seli B hubahatisha tena. Hubadilisha herufi za jeni ya kingamwili kwa kasi inayokaribia mara milioni ya mabadiliko ya kawaida, kisha hugombea kushika kipande cha adui. Zinazoshika vizuri zaidi huendelea kuishi, nyingine hufa. Baada ya wiki kadhaa kingamwili zako ni bora kuliko zile za siku ya saba. Hii ndiyo sababu dozi za chanjo nyingi huachanishwa kwa wiki au miezi: ukiharakisha, unakatiza mashindano hayo kabla hayajatoa washindi.

Baadhi ya washindi hubaki. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi takriban 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, aliyetumwa huko, aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa, miaka 65 baadaye. Lakini surua yenyewe ina ubaya ambao nataka kila mzazi aujue: virusi vyake huzivamia seli za kumbukumbu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopima damu za watoto kabla na baada ya kuugua, ulikuta walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Waliochanjwa hawakupoteza kitu. Mtoto aliyepona surua amebaki na kinga ya surua na amepokonywa kinga nyingine alizozitafuta kwa taabu. Nikisikia mtu anasema ni afadhali mtoto augue ili akomae, huwa naumia.

Wapo maadui wanaojua kuukwepa mfumo huu. Kimelea cha malale hujivika koti la protini moja, na kina jeni zaidi ya elfu moja za makoti mengine. Kingamwili zikifika, wachache waliokwishabadilisha koti huzaana upya, na homa hurudi kwa mawimbi. Virusi vya mafua hubadilika kidogokidogo kila mwaka. VVU huziua seli T saidizi zenyewe, zile zinazowapa seli B na seli T za kuua ruhusa ya kufanya kazi, na ndiyo sababu mgonjwa asiyetumia dawa hushambuliwa na vijidudu ambavyo wengine hatuvihisi hata kidogo.

Nije kwa mama. Thaimasi huanza kusinyaa tangu ujanani, na nafasi yake hujazwa na mafuta. Mtu wa miaka 78 hutengeneza seli T mpya chache mno, kwa hiyo hazina yake ya maumbo ambayo bado hayajatumika imepungua. Anaweza kumtambua adui mpya, ila polepole na kwa nguvu ndogo, na hili lilichangia COVID-19 kuwaua wazee zaidi ya wote. Kumbukumbu za zamani, kama wale wazee wa Faroe, anaweza kuwa nazo imara. Ila si zote: virusi vya tetekuwanga alivyougua utotoni bado vimelala kwenye neva zake, na kinga ya seli T inayovizuia ikilegea, huamka kama mkanda wa jeshi.

Habari njema ni kwamba kinga ya mzee inaweza kuamshwa ikipigiwa kengele kubwa zaidi. Chanjo mpya ya mkanda wa jeshi, yenye kichocheo kikali, ilizuia ugonjwa huo kwa takriban asilimia 90 hata kwa waliovuka miaka 70. Kwa mafua kuna chanjo ya wazee yenye kipimo mara nne ya kile cha kawaida. Muulize daktari wake ni zipi zinazopatikana na zinazomfaa kwa hali yake, pamoja na ile ya nimonia. Na wewe uliye karibu naye uchanjwe, kwa sababu mwili wako unaitikia chanjo vizuri zaidi kuliko wake.

Jambo moja la kuangalia nyumbani. Kwa kuwa kengele zile za kwanza nazo hufifia kwa umri, mzee anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya mkojo bila homa ya kueleweka. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka au kupumua haraka, usisubiri joto lipande. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.